Kopo la Ardis

Watu wa Larkin hawakuwa na haja ya kumsifu Verlin Aasheim, kwa sababu kazi hiyo aliifanya mwenyewe, tena vizuri. Miaka thelathini na mmoja alinoa misumeno ya kiwanda cha mbao, na ukimpa nafasi alikueleza jinsi alivyoweza kuona jino lililopinda kwa unene wa unywele akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi. Kiwanda kilipofungwa, jicho lile lilihamia kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, kwenye meza ya kushindilia risasi, likapata kazi ya kudumu.

Risasi za dukani alizidharau kama mpishi hodari anavyodharau supu ya kopo. Yeye aliokota maganda yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha, akayarudisha kwenye umbo lake kwa mashine ya mkono, akatia fataki mpya ya kuwashia kitakoni, akamimina baruti, kisha akakandamiza kichwa cha risasi juu. Zilikuwa risasi za bastola, ila bastola zenyewe ni zile kubwa za magnum ambazo watu wa bonde lile huvaa kiunoni wanapopanda kwenye milima ya dubu.

Ukimuuliza habari za baruti, umejitakia. Vuta kiti. Baruti ya haraka, ile inayoungua upesi, inapiga teke, angekuambia, na ya polepole inasukuma, kama watu wanaonasua gari kwenye matope. Kichwa kizito cha risasi ya dubu kinataka kusukumwa. Tena ile ya polepole hujaza ganda karibu lote, kwa hiyo ukipitiwa ukamimina mara mbili, inamwagika mezani na kukuumbua hapo hapo. Ile ya haraka hukaa kidogo tu kitakoni, gizani, na ukikosea haikwambii kitu. Bastola ndiyo itakwambia, siku itakapopasukia mkononi mwako. Kwa miaka arobaini na mitano alijaribu aina kumi na mbili na kuziandika zote kwenye daftari: ipi inazubaa kwenye baridi, ipi inatoa mwale unaomziba macho mpigaji magharibi ikiingia, ipi inaacha masizi. Mwisho wa yote alibaki na moja ya polepole kwa ajili ya dubu, na moja ya haraka kwa ajili ya Ardis.

Ardis alikuwa mke wake. Baridi yabisi ilipomshika viganja, hakuweza tena kuvumilia teke la bastola yake, na kuacha kulenga shabaha kila Jumapili hakutaka hata kusikia. Kwa hiyo Verlin alitafuta baruti ya haraka, yenye chembe za kijani, kidogo sana kwa kila ganda, akamtengenezea risasi laini ambazo, kwa maneno ya Ardis, zilipiga chafya tu. Na kwa sababu baruti ile ndiyo ya hatari kwa mtu anayepitiwa, Ardis alishuka naye chini kila mara. Maganda hamsini yalipangwa wima kwenye kibao chenye matundu hamsini. Verlin alimimina, halafu Ardis, juu ya kigoda chake, alimulika tochi ndani ya ganda moja baada ya jingine na kusema, "Nimeona." Hakuna kichwa cha risasi kilichokandamizwa kabla ya neno hilo. Baadaye wakaufanya huo kuwa utaratibu wa risasi zote, za dubu na za chafya.

"Nawe umezidi," Verlin alikuwa akimwambia. "Mara hamsini? Si useme mara moja tu, zote."

"Nikisema zote nitakuwa nimeangalia zote. Mimi naangalia hii. Usiniharakishe, mzee."

Ardis alifariki miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili. Kopo lake la baruti lilibaki kwenye rafu, limejaa nusu, na utepe wa karatasi ambao aliuandika kwa mkono wake: YA ARDIS. VERLIN, USIGUSE. Na Verlin aliligusa kila wiki. Alipokaa kazini alilishusha na kuliweka mwisho wa meza, utepe ukimtazama, ili asiwe peke yake kule chini. Hapo ndipo lilipo kosa lake, na mtu yeyote anayeshindilia risasi atakuambia ni kosa la namna gani. Mezani linakaa kopo moja tu la baruti. Moja. Lingine lolote linarudi kwenye kabati kabla hujafungua la kwanza. Verlin mwenyewe aliwahi kumfukuza mtu nyumbani kwake kwa kuivunja sheria hiyo. Lakini alijiambia kwamba kopo lile si baruti, ni Ardis, na mtu mpweke hakosi kusamehewa.

Ambalo hakujiambia ni habari za macho. Tangu Machi daktari alikuwa amemwambia ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na kwamba upasuaji wake ni wa dakika chache tu, mradi apatikane mtu wa kumpeleka mjini na kumrudisha. Mtu huyo angekuwa binti yake Britta, na Britta hakuambiwa. Aliwahi kusema, siku baba yake alipoweka chumvi kwenye kahawa badala ya sukari, "Baba, siku utakapokuwa huoni sawasawa, ile meza tunaifunga." Alisema kwa upole, akicheka, lakini alikuwa mtoto wa Ardis, na mtoto wa Ardis hasemi kitu ili kupitisha muda.

Britta alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kupandisha mizigo ya wawindaji milimani kwa nyumbu. Kiunoni alivaa bastola ya mama yake. Kila Septemba, kabla ya safari ya kwanza, baba yake alimshindilia risasi hamsini za dubu, na mwaka huu Britta alizipitia Jumatano jioni, akambusu mzee kwenye upara, akaondoka nazo.

Alhamisi asubuhi Verlin alishuka na kahawa yake kupanga meza. Akanyanyua kopo la Ardis alirudishe rafuni, na mkono ukapanda juu kuliko alivyotarajia. Kopo lilikuwa jepesi.

Alisimama nalo. Alilitikisa, akasikiliza, akalipeleka dirishani, akavaa miwani, akavua miwani. Utepe aliuona kama doa la manjano, maana siku hizo dunia nzima ilikuwa ya manjano. Alimwaga baruti kidogo ya kopo lile kwenye kiganja cha kushoto na ya kopo la dubu kwenye kiganja cha kulia, na zote mbili zikawa vumbi la kijivu. Akakumbuka kwamba kipimio, chombo cha kumiminia, kilikuwa kimekaribia kuishiwa baruti katikati ya kazi, baada ya maganda thelathini hivi, akakijaza tena. Kutoka kopo lipi? Mkono ulijinyoosha tu ukachukua kopo lililokuwa karibu. Na macho yaliyoona unene wa unywele yalikuwa yametazama pembeni, au yalitazama na yasione.

Huenda mkono ndio uliokosea asubuhi hiyo. Huenda kopo lilikuwa hivyo hivyo siku zote. Alijipa nafasi ya kuamini hivyo kwa muda wa mafunda mawili ya kahawa, na hakuweza. Baruti ya haraka, ikimiminwa kwa kipimo cha ile ya polepole, inaigeuza bastola kuwa bomu, na bastola hiyo ingekuwa kwenye mkono wa Britta. Kule anakoanzia safari simu haishiki. Angeondoka saa sita mchana.

Kwanza alipita dukani kwa Lyle Pruett, kwa sababu mtu hawezi kumnyang'anya mwanawe risasi na kumwacha apande mlimani mikono mitupu.

"Nipe boksi moja la magnum, za vichwa vizito," alisema.

Lyle aliweka kalamu chini. "Maganda?"

"Risasi."

"Risasi za dukani." Lyle alizunguka kaunta akaja kumtazama kwa karibu. "Verlin, umekwisha kuandika wosia? Au daktari kasema nini?"

"Lyle, nipe risasi niondoke."

"Nakupa, nakupa. Ila nitafunga duka nikaeleze watu, usinilaumu."

Kutoka Larkin mpaka mwisho wa barabara ya milimani ni maili arobaini, na nusu yake ni changarawe. Verlin aliiendesha pikapu yake katikati kabisa ya njia, pua karibu na kioo, akifuata weupe wa barabara kama mtu anayepapasa ukuta. Lori la nyasi lilimpigia honi mpaka akajua dereva anamfahamu, maana matusi yalikuja na jina lake. Njiani alijitungia uongo, nao ulikuwa mzuri: kwamba kiwanda fulani kimetoa kichwa kipya cha risasi, kwamba Lyle amemshawishi, kwamba anataka Britta azijaribu na kumletea habari. Angechukua zile za zamani, angerudi nyumbani, na meza ingebaki yake.

Alimkuta Britta anakaza kamba za mzigo juu ya nyumbu mmoja mwenye uso mrefu wa huzuni aliyeitwa Shemasi.

"Baba? Nani kakuleta?"

"Nimejileta."

Britta aliitazama pikapu. Tawi zima la msonobari lilikuwa limenasa kwenye bampa. "Na hilo tawi?"

"Lilikuwa linakuja upande wangu." Akamnyooshea boksi. "Shika. Badilisha zile nilizokupa. Hizi nzuri zaidi."

Britta aliligeuza boksi, akalisoma, akalisoma tena. "Hizi ni za dukani."

"Ndiyo."

"Wewe umenunua risasi dukani."

"Watu hubadilika."

"Wewe hubadiliki, baba. Hata soksi hubadilishi mpaka uambiwe. Kuna nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Verlin alitazama chini, na kitu alichokiona karibu kuliko vyote kilikuwa mkono wa kulia wa binti yake, umeshika kamba: mkono mpana, wenye kovu la kamba kwenye kidole gumba, mkono wa Ardis kabla ya baridi yabisi. Akaona kwamba akidanganya sasa, mwaka ujao atadanganya tena, na mwaka ule huenda kopo lisiwe jepesi kiasi cha kumshtua.

"Sioni, mama," alisema. "Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Na jana niliweka makopo mawili mezani."

Hakuhitaji kumfafanulia. Britta alikua chini ya meza ile. Akachomoa bastola, akafungua silinda, risasi sita zikamwangukia kiganjani. Akavua kumi na mbili kwenye mkanda. Akaleta boksi kutoka kwenye mkoba wa tandiko. Verlin alivua kofia, na zote zikaingia humo, moja moja, akizihesabu kwa vidole.

"Arobaini na tisa," alisema. "Na ya mfukoni?"

Ardis alitembea siku zote na risasi moja kwenye mfuko wa shati. Britta alifungua kifungo cha mfuko wake, akaitoa, akaiweka kofiani juu ya nyingine.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Machi."

"Machi, baba." Alimpapasa Shemasi shingoni kana kwamba nyumbu ndiye aliyehitaji kutulizwa. "Lete funguo za gari."

"Britta, nimefika salama."

"Tawi halikufika salama. Funguo."

Dereva aliyeshusha trela la nyumbu alimrudisha Verlin nyumbani, na njia nzima mzee alikaa na kofia iliyojaa risasi mapajani.

Siku kumi Britta alikuwa mlimani. Siku hizo Verlin aliisafisha meza kama nyumba inayokabidhiwa kwa mpangaji mwingine. Alipaka mashine mafuta, akafuta mizani, akapanga madaftari kwa miaka. Hakumlaumu binti yake. Lakini aliumia, na nasema hivyo kwa sababu yeye asingesema: aliumia kuliko siku kiwanda kilipofungwa, maana kiwanda walikifunga wengine, na hili alilifunga mwenyewe. Siku ya tano alipiga simu hospitali ya macho, akapewa siku mbili za Novemba, moja kwa kila jicho. Alipoulizwa nani atampeleka, alijibu, "Binti yangu. Bado hajui."

Jumamosi ya wiki iliyofuata Britta alikuja moja kwa moja kutoka kambini, ananuka moshi na nyumbu, akala sahani mbili za viazi na nyama, halafu akasema, "Twende chini."

Kazi ya kubomoa risasi si ya kishujaa. Unaifunga ndani ya kichwa cha nyundo ya plastiki, unaigonga juu ya gogo, kichwa cha risasi kinachomoka, baruti inamwagika. Britta aligonga, kila baruti akaimimina peke yake kwenye sahani nyeupe, akaimulika tochi. Verlin alikaa kwenye kiti chake akisikiliza. Tok, tok, tok. Moja, mbili, tano. Ya saba, mlio wa nyundo ulipoisha, hakikufuata kitu.

"Nini?" aliuliza.

Britta hakujibu. Verlin hakuuona uso wake, aliona tu manjano yenye umbo la binti yake, lakini ukimya ule aliufahamu: ni wa mtu anayepima kama aseme au asiseme. Lilikuwa jambo rahisi kumwambia mzee kwamba zote ziko sawa. Nani angejua? Angelala vizuri mpaka kufa kwake.

"Zimechanganyika," Britta alisema. "Kuna chembe za kijani humu. Za mama."

"Endelea."

Aliendelea mpaka mwisho. Hamsini zilipokwisha, sahani ya pili, ya zile zilizochanganyika, ilikuwa na baruti ya risasi kumi na tisa.

Verlin aliisukuma sahani ile mbali naye. "Ningekuua," alisema.

"Ulikuja."

"Kwa mkono wangu, Britta."

"Ulikuja, baba. Kipofu, maili arobaini, na tawi." Akamshika kisogo, akamwacha alie kwa dakika hiyo moja, na yeye akalia naye.

Baruti yote waliipeleka nje, ya sahani na ya makopo mawili, wakaitawanya kwenye waridi za Ardis, maana baruti usiyoijua haina kazi nyingine duniani ila mbolea. Kopo tupu Britta alilifuta kwa shati lake na kulirudisha kwenye rafu, utepe ukitazama mbele. Halafu akafunga kabati la baruti, akatia ufunguo mfukoni, kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Kwa hiyo ndiyo basi," Verlin alisema.

"Basi nini? Meza haifungwi. Ila kabati halifunguliwi mpaka niwepo mimi. Jumamosi nitakuja."

"Nilikuwa nashindilia kabla hujazaliwa."

"Na mama alikuwa anaangalia hata ulipokuwa na macho mazima."

Verlin alilitazama kabati. Lilikuwa jambo la kumuuma, kuwekewa ufunguo na mtoto aliyemfundisha kushika kijiko. Lakini pia alihesabu haraka haraka: Jumamosi nne kwa mwezi, na miezi mingine tano. Kwa miaka mitatu alikuwa akimwona binti yake siku za sikukuu na siku za kuchukua risasi.

Novemba ikaja, macho yakafunguliwa moja baada ya jingine, na utepe wa Ardis ukarudi kuwa mweupe. Alipousoma bila miwani, Verlin alidhani ufunguo nao utarudi. Haukurudi, na baada ya wiki mbili akaacha kuuliza. Jumamosi ya kwanza ya Desemba, theluji ikiwa imeziba nusu ya dirisha, alipanga maganda hamsini kwenye kibao. Mezani palikuwa na kopo moja, jipya. Alimimina baruti ya polepole kwenye la kwanza mpaka la mwisho, akasukuma kibao kando, akachukua kichwa cha kwanza cha risasi.

Britta alivuta kigoda cha mama yake, akakaa, akawasha tochi.

"Ni ya polepole hiyo," Verlin alisema. "Ingezidi ingemwagika. Na sasa naona mpaka mende wa jirani. Si useme tu, zote?"

"Usiniharakishe, mzee."

Alishusha tochi kwenye ganda la kwanza, akainama, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Verlin alingoja, kichwa cha risasi kikiwa kinapata joto kiganjani mwake.

"Nimeona," Britta alisema, akasogea kwenye la pili.